Kibuyu, Gazeti na Simu

Historia ya uchapishaji katika miinuko ya Dundori, juu ya Lanet karibu na Nakuru, Kenya, haina budi kuanza na kibuyu. Wengi wa wakazi wake ni Wakikuyu, wazawa wa maskwota wa mashamba ya walowezi na wa wanunuzi wa ardhi waliofuata baadaye, na mababu zao walikuwa na gĩcandĩ: kibuyu kikavu chenye mbegu ndani na alama zilizochorwa kwenye ganda, ambazo zilimkumbusha mwimbaji mafumbo ya kumtegea mpinzani wake, na aliyeshindwa kufumbua alipokonywa kibuyu chake. Alama hizo hazikuwa alfabeti, lakini zilifanya kazi ya maandishi, yaani kulihifadhi neno nje ya kichwa cha mtu.

Pwani nako tungo zilinakiliwa kwa mkono katika herufi za Kiarabu, na hati ya Utendi wa Tambuka ni ya mwaka 1728. Ulaya ilikuwa imekwisha kupata, kwa Gutenberg katika karne ya 15, herufi za madini zinazopangwa, kupakwa wino, kisha kupangwa upya.

Mashine za chapa zilifika bara pamoja na wamisionari, na mwaka 1928 chama cha Kikuyu Central Association kikatoa gazeti la Muigwithania, mhariri wake akiwa Johnstone Kenyatta, ambaye baadaye aliitwa Jomo. Kwa kuwa mmoja alisoma na wengi wakasikiliza, hesabu ya nakala haikuwa kipimo cha wasomaji. Serikali ya kikoloni ililijua hilo: hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, mwandishi na mchapishaji Gakaara wa Wanjaũ alitiwa kizuizini, akaandika huko shajara iliyochapishwa mwaka 1983 na kupata Tuzo ya Noma mwaka uliofuata. Baada ya uhuru, mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o naye aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi za chooni katika gereza la Kamiti. Riwaya hiyo, ambayo msimulizi wake ni mwimbaji wa gĩcandĩ, ilitoka mwaka 1980 ikasomwa kwa sauti majumbani na hata kwenye baa.

Leo mkulima wa viazi wa Dundori hupokea bei za soko kwa ujumbe wa sauti kwenye simu, akautuma kwa jirani kwa kubonyeza mara moja, naye amekuwa mchapishaji bila kujijua. Sheria ya Vitabu na Magazeti humtaka mchapishaji awasilishe nakala kwa msajili. Ujumbe ule hauna nakala ya karatasi ya kupeleka popote, na simu ikitumbukia kwenye ndoo ya maji unaweza kupotea nayo.