Msamaha wa Kodi kwa Umeme wa Akiba

Kimbunga Wilma kilipoipiga Florida mwezi wa Oktoba 2005, vituo vingi vya petroli vilikuwa na mafuta tele ndani ya matangi yaliyofukiwa ardhini, ilhali pampu za kuyavuta hazikuwa na umeme, hata wenye magari wakapiga foleni mbele ya bohari zilizojaa. Kwa ajili hiyo, sheria ya mwaka 2006 ikawalazimu wajengao vituo vipya watie nyaya na swichi ya kupokea umeme wa jenereta. Na kampuni yenye vituo 10 au zaidi katika wilaya moja ikatakiwa iwe na jenereta ya kuhamishika, tayari kwa kazi katika muda wa saa 24 baada ya maafa.

Msamaha wa kodi ulifuata msiba mzito zaidi. Septemba 2017, kimbunga Irma kilikata umeme wa mitambo ya kupoza hewa katika nyumba moja ya kulelea wazee mjini Hollywood, katika jimbo hilohilo la Florida, na kwa joto lile wakafariki wazee 12, ijapokuwa hospitali jirani ilikuwa na umeme wake. Mwaka uliofuata nyumba za namna hiyo zikafaradhishiwa umeme wa akiba wa saa 96, nalo jimbo likazisamehe kwa muda kodi ya mauzo ya jenereta, isizidi dola 15,000 kwa kila nyumba.

Hazina ya umma ina wajibu wa kuchangia gharama ya jenereta hizo, maana sheria ya Florida humkataza mfanyabiashara kupandisha bei kupita kiasi wakati wa maafa, na kwa haki. Basi gharama ya mtambo si rahisi kuirudisha kwa wanunuzi wa siku zile, ilhali nafuu yake huenea mji mzima. Lakini kodi yenyewe ni asilimia 6 tu: aliyenunua jenereta ya dola 100,000 alisamehewa 6,000, kiasi kilichompunguzia mzigo aliyekwisha kulazimishwa, wala hakikumshawishi aliyesitasita. Tena msamaha ulitolewa siku ya kununua, na kimbunga huenda kikaja baada ya miaka mitano, dizeli imechacha tangini na betri imekufa. Kwa rai yangu, msamaha ungekuwa mkubwa zaidi, ukagawanywa kwa miaka, na kila fungu likatolewa baada ya mkaguzi kuukata umeme wa kawaida, akaiona jenereta ikiendesha pampu au mitambo ya ubaridi kwa saa kadhaa bila kusita.