Kompyuta mpakato ipi inakufaa? Kibandiko cha ‘Core i7’ pekee hakitoshi

KAGONGWA, mji mdogo ulio katika Manispaa ya Kahama mkoani Shinyanga, unafahamika zaidi kwa mchele kuliko kwa teknolojia. Uko kando ya barabara kuu itokayo Isaka kwenda Kahama na hatimaye mipaka ya Rwanda na Burundi, na mashine zake za kukoboa mpunga huwavuta wafanyabiashara kutoka ndani na nje ya nchi.

Hata hivyo, shughuli zinazohitaji kompyuta zimeufikia mji huo kama zilivyoifikia miji mingine. Usajili wa majina ya biashara na kampuni kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) hufanyika kwa njia ya mtandao tangu mwaka 2018. Zabuni za Serikali hupitia mfumo wa NeST ulioanza mwaka 2023. Maombi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu nayo hujazwa mtandaoni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na leo kwa wengi daftari hilo ni kompyuta mpakato, yaani ile inayoweza kupakatwa magotini.

Ugumu huanza dukani. Mnunuzi huwekewa mezani kompyuta mbili zinazofanana rangi, ukubwa na hata chapa. Zote zina kibandiko cha ‘Core i5’, na tofauti ya bei ni ndogo. Asipojua cha kutazama, huchukua ya bei ya chini au ile inayong’aa zaidi, kisha baada ya miezi michache hugundua kwamba fedha za msimu mzima wa mpunga zimenunua chombo kilichokwisha muda wake.

Tarehe iliyobadili hesabu

Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma za kawaida kwa Windows 10. Kompyuta zenye programu hiyo hazikuzimika, lakini zilikoma kupokea bila masharti marekebisho ya usalama ambayo huziba mianya inayotumiwa na wezi wa mtandaoni. Kampuni hiyo iliweka mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa kawaida wanaojiandikisha, nao ukomo wake ni Oktoba 2026.

Windows 11 iliyochukua nafasi yake haikubali kila kompyuta. Inahitaji kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita RAM, isiyopungua GB 4, nafasi ya kuhifadhi isiyopungua GB 64, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Zaidi ya hayo, kwa prosesa za Intel, kwa kawaida huanzia kizazi cha nane, ambacho kilianza kutoka mwaka 2017.

Ndiyo maana umri wa prosesa umekuwa swali la kwanza. Kompyuta nyingi za mtumba zinazoingia Afrika Mashariki zilitumika maofisini Ulaya, Marekani na Ghuba, na ofisi hizo huzitoa baada ya miaka michache. Nyingine ni za kizazi cha nne, cha tano au cha sita.

Kizazi husomwa kwenye jina kamili la prosesa. Katika jina ‘i5-6300U’, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, hivyo hicho ni kizazi cha sita. ‘i5-8250U’ ni kizazi cha nane, ‘i5-10210U’ ni cha kumi na ‘i5-1135G7’ ni cha kumi na moja. Jina hilo huonekana kwenye ukurasa wa mipangilio unaoeleza sifa za kompyuta. Mnunuzi alisome hapo, si kwenye kibandiko, kwa kuwa kibandiko huweza kubanduliwa na kubandikwa kwingine.

Ikumbukwe pia kwamba i7 si lazima iwe na nguvu kuliko i5. Prosesa ya i7-7500U ya kizazi cha saba ina viini viwili vya kufanyia kazi, wakati i5-8250U ya kizazi cha nane ina vinne. Anayelipa zaidi kwa sababu ya neno ‘i7’ katika kompyuta nyembamba ya kizazi cha saba huwa amenunua jina.

Kompyuta tano mezani

Mfano mzuri ni HP EliteBook 840. Toleo la G3 lilitoka na prosesa za kizazi cha sita, na toleo la G5 la mwaka 2018 lilikuja na za kizazi cha nane. Zote mbili zina kioo cha inchi 14, na RAM yake huweza kuongezwa kwa kuwa ina nafasi mbili. Kwa mtu anayezitazama kwa haraka ni ndugu wa baba mmoja. Lakini G3 haimo katika orodha ya zinazokubaliwa rasmi na Windows 11, na G5 yenye prosesa ya kizazi cha nane imo. Tahadhari ni kwamba baadhi ya G5 ziliuzwa na prosesa za kizazi cha saba, kwa hiyo jina la modeli halitoshi bila kusoma jina la prosesa.

Ya tatu ni Lenovo ThinkPad T480, nayo ya mwaka 2018. Sifa yake kubwa ni kuwa na betri mbili: moja ndani na nyingine nyuma, inayoweza kutolewa na kubadilishwa huku kompyuta ikiendelea kufanya kazi. Betri ya ndani ina uwezo wa Wh 24, na ya nyuma iliyo kubwa kuliko zote hufikia Wh 72. Ni nzito kidogo kuliko wenzake, hasa ikiwa na betri hiyo kubwa.

Ya nne ni kompyuta mpya kabisa ya bei ya chini, aina ya HP Stream na nyingine za prosesa ya Celeron. Ina mvuto wa kuwa mpya na kuwa na dhamana, ni nyepesi na hutumia umeme kidogo. Kasoro yake ni kwamba mara nyingi huwa na RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 vilivyochomelewa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, hivyo haviongezeki. Hicho ni kiwango cha chini kabisa kinachotajwa na Microsoft. Mfumo wenyewe na masasisho yake hula sehemu kubwa ya nafasi hiyo kabla mwenye kompyuta hajahifadhi hata barua moja.

Ya tano ni MacBook Air yenye prosesa ya M1, iliyotolewa na Apple mwishoni mwa mwaka 2020. Haina feni, betri yake ni ya Wh 49.9, na kwa makadirio ya Apple yenyewe hudumu hadi saa 15 za kutembelea mtandao. Lakini RAM na hifadhi yake haviongezeki, ina matundu mawili tu ya USB-C, na baadhi ya programu za hesabu zinazotumiwa sana na wafanyabiashara, ikiwamo TallyPrime, zimetengenezwa kwa ajili ya Windows.

Umeme, betri na vumbi la pumba

Sifa zinazotangazwa dukani huandikwa kwa mtu anayekaa ofisini penye umeme wa uhakika. Anayefanya kazi Kagongwa, au kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu upande wa Geita ambako jenereta huwashwa kwa saa maalumu, ana hesabu nyingine.

Uwezo wa betri hupimwa kwa Wh. Kompyuta inayotumia wastani wa wati 8 kwa kazi za kuandika, ikiwa na betri ya Wh 48 iliyo nzima, hudumu takriban saa sita. Betri hiyo ikichakaa na kubaki na asilimia 60 ya uwezo wake, muda hushuka hadi saa tatu na nusu hivi. ThinkPad T480 yenye jumla ya Wh 96 hufikisha saa 12 kwa hesabu hiyohiyo. Kwa maneno mengine, betri iliyochakaa huweza kuifanya kompyuta nzuri iwe duni kuliko ya kawaida.

Kwa kutumia Windows, hali halisi ya betri hujulikana bila kubahatisha. Muuzaji aombwe afungue dirisha la amri na kuandika ‘powercfg /batteryreport’. Kompyuta itatoa ukurasa unaoonyesha uwezo ambao betri ilitengenezwa nao na uwezo iliobaki nao. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Jambo la pili ni vumbi. Unga mwembamba wa pumba unaoruka karibu na mashine za kukoboa hunyonywa na feni na kuziba njia za hewa. Joto likipanda, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na mtumiaji hudhani kompyuta ‘imezeeka’. Kwa ofisi iliyo jirani na mashine, kompyuta isiyo na feni ina faida ya wazi, na yenye feni ichaguliwe ile ambayo mfuniko wake wa chini hufunguliwa kwa skrubu ili fundi aisafishe kila baada ya muda.

Jambo la tatu ni diski. Diski ya zamani yenye sahani zinazozunguka hudhurika kompyuta ikitikiswa huku inafanya kazi, na hata ikiwa nzima ni ya polepole. SSD haina sehemu inayozunguka. Mara nyingi, kubadili diski ya zamani na kuweka SSD huongeza kasi inayoonekana kwa macho kuliko kuhama kutoka i5 kwenda i7.

Nani achukue ipi

Mwenye duka la vifaa vya ofisi anayejaza fomu za watu, kuchapa na kutoa nakala siku nzima anahitaji kompyuta inayohimili kazi na yenye matundu ya kutosha. EliteBook 840 G5 au ya aina hiyo, yenye RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256, inamtosha. Kwa kuwa hushika vitambulisho na taarifa za wateja, hapaswi kutumia mfumo usiopokea marekebisho ya usalama.

Mhasibu wa mashine ya mpunga au wa chama cha ushirika anayetumia programu za hesabu za Windows abaki kwenye Windows. Asivutiwe na MacBook kwa uzuri wake kabla ya kuhakikisha kwamba programu yake inafanya kazi humo.

Karani wa mnunuzi wa dhahabu anayezunguka machimboni, au ofisa ugani anayeshinda vijijini, atanufaika zaidi na T480 kwa sababu ya betri zake mbili.

Mwanafunzi anayekwenda chuo anatazamia kukaa na kompyuta miaka mitatu au zaidi. Ya mtumba ya kizazi cha nane na kuendelea, ambayo RAM yake inaongezeka, ina maisha marefu kuliko mpya ya Celeron ambayo imefikia ukomo wake siku ya kununuliwa. Ile ya Celeron inamfaa anayeandika barua na kusoma mtandao pekee, na anayethamini dhamana kuliko kasi.

Na aliyekwisha kununua G3 asiitupe. Ubuntu 24.04, mfumo wa Linux usiolipiwa, una ahadi ya masasisho hadi mwaka 2029 na hufanya kazi vizuri kwenye kompyuta za umri huo. Programu za ofisi za bure nazo si ngeni nchini: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye kompyuta isiyokubalika kunawezekana kiufundi, lakini Microsoft haitoi hakikisho la masasisho kwa kompyuta hizo.

Kabla ya kutoa fedha

Kompyuta iwashwe kutoka kuzimwa kabisa, si kutoka usingizini. Izimwe tena na kufunguliwa mipangilio ya BIOS. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana, iachwe. Kwa MacBook, ihakikishwe kwamba akaunti ya mmiliki wa kwanza imeondolewa, kwani kufuli la Apple huweza kuifanya isitumike kabisa.

Kila kitufe cha kibodi kibonyezwe. Zilizotoka Ujerumani huwa zimebadilishana nafasi za Y na Z, na za Ufaransa huanza na AZERTY, jambo linalomsumbua mchapaji wa Kiswahili. Chaja isomwe: ikiandikwa 100–240V inafaa kwa umeme wa volti 230 wa Tanzania, hata kama plagi yake itahitaji kubadilishwa. Matundu yote yajaribiwe, pamoja na kamera, spika na mtandao usiotumia waya.

Mwisho, idaiwe risiti ya mashine ya kielektroniki, na muda wa dhamana uandikwe pamoja na namba ya utambulisho ya kompyuta. Ahadi ya mdomo haimsaidii mnunuzi siku kompyuta inapogoma kuwaka.

Maswali ya msingi, basi, ni manne: kazi gani itafanyika, prosesa ni ya kizazi gani, betri imebaki na uwezo kiasi gani, na kipi kinaweza kuongezwa baadaye. Anayeingia dukani akiwa na majibu ya swali la kwanza, na akawa tayari kuyakagua mengine matatu kwa macho yake, ataokoa fedha nyingi kuliko anayebishania punguzo la bei.