Homa ya Utotoni, Uzee wa Kesho

Tuwafikirie wanaume wawili wa Likasi waliozaliwa mwaka mmoja na kucheza pamoja katika vichochoro vya Kikula. Leo wote wawili wana miaka 55. Wa kwanza hupanda baiskeli mpaka Shituru asubuhi, na jioni hurudi akipiga mluzi. Wa pili hupumzika mara mbili kabla ya kufika sokoni, na vijana wasiomfahamu humwamkia kama babu yao. Majirani wananong'ona. Mmoja asema ni damu ya ukoo wake. Mwingine, kwa sauti ya chini, asema amerogwa. Hakuna aulizaye swali lililo rahisi kuliko yote: mtu huyu ameugua mara ngapi tangu utoto wake?

Maana kila mtu ana kalenda mbili. Ya kwanza imeandikwa katika cheti chake cha kuzaliwa. Ya pili imo ndani ya mwili, nayo haiendi mwendo mmoja kwa watu wote. Katika kila chembe ya mwili zimo nyuzi za urithi, na mwishoni mwa kila uzi pana kipande cha kuukinga, ambacho wataalamu hukiita telomea. Tukifananishe na pindo la kitenge. Pindo likiwa zima, kitenge hufuliwa miaka mingi. Likifumuka, nguo yote huanza kuchakaa. Chembe inapojigawa, pindo hilo hupungua kidogo. Basi mtu anapougua, askari wa damu yake hawana budi kuzaliana upesi na kwa wingi ili wampige adui, na kuzaliana huko hulila pindo.

Jambo hili limeonekana wazi kwanza kwa ndege. Yuko ndege mdogo wa matete azaliaye Ulaya, na wakati wa baridi huko huruka mpaka Afrika, kusini ya Sahara. Wataalamu wa Sweden wamewafuata ndege hao kwa miaka mingi katika ziwa la Kvismaren. Mwaka 2015 walitangaza kwamba wale waliokuwa na malaria ya ndege, isiyoambukiza watu, walionekana wazima kabisa, wakaimba na kujenga viota kama wenzao. Lakini mapindo yao yalipungua upesi zaidi, maisha yao yakawa mafupi, na makinda waliowaacha wakawa wachache. Ugonjwa mdogo usioonekana ulikuwa ukiwala polepole.

Je, kwa watu? Mwaka 2018 wataalamu wa Stockholm walieleza habari za wasafiri waliorudi kwao na malaria. Baada ya homa, mapindo katika chembe za damu yao yalipungua kwa miezi kadhaa. Hata hivyo, walipotibiwa vizuri na mwaka mmoja kupita bila kuugua tena, mapindo yalirudi karibu na hali ya kwanza.

Hapo tusimame kidogo. Msafiri yule alipata mwaka mzima wa kupona. Mtoto wa Likasi aupate wapi? Katika kila wagonjwa 100 wa malaria duniani, 12 hivi ni wa Kongo. Homa ya mvua hizi haijasahauliwa, na mvua nyingine zimekwisha kurudi pamoja na mbu wake. Tena tumezoea kusema: «Ni malaria tu.» Neno hilo «tu» ndilo tunaloliogopa.

Mwili una silaha nyingine yenye gharama. Unapopigana na ugonjwa hujiwasha moto: huvimba, hupata joto, hutuma damu mahali penye vita. Moto huo humwua adui, lakini ukiwaka mara nyingi mno huunguza kuta za nyumba yenyewe, yaani mishipa, moyo na mapafu. Mwaka 2004 wataalamu wawili wa Marekani, Caleb Finch na Eileen Crimmins, walichungua madaftari ya vifo ya Sweden, yanayoanza mwaka 1751. Waliona kwamba vizazi vilivyozaliwa wakati watoto wachache walipokufa, ndivyo vilivyofika uzeeni na nguvu zaidi. Maradhi ya utotoni yaliacha deni, nalo lilidaiwa miaka sitini baadaye.

Surua nayo ina wizi wake. Mwaka 2019 ilionekana kwamba watoto wa Uholanzi wasiochanjwa, baada ya kuugua surua, walipoteza kati ya sehemu 11 na 73 katika kila 100 za kinga walizokwisha kujipatia dhidi ya magonjwa mengine. Mwili ulisahau vita vyake vya zamani, ukalazimika kuvipigana upya. Mwaka huo huo surua ilienea Kongo, na hata mwanzoni mwa 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto.

Lakini tusizidishe maneno. Huko Bolivia liko kabila la Watsimane, ambao huugua sana magonjwa ya kuambukiza na minyoo. Walipopimwa, mwaka 2017 ikatangazwa kwamba mishipa ya mioyo yao ni safi kuliko ya watu wote waliowahi kuchunguzwa. Hutembea, hulima, huvua samaki, wala hawali mafuta mengi. Maana yake ni kwamba ugonjwa si mwamuzi peke yake. Kazi, chakula, moshi na vumbi la machimbo, vyote vina neno katika uzee wetu.

Mji wetu ulijifunza hesabu hii zamani, ulipokuwa ukiitwa Jadotville. Katika miaka ya kwanza ya Union Minière, kichomi na kuhara viliwaua wafanyakazi wengi kambini. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni iliwaruhusu waishi na wake zao, ikajenga hospitali, ikawapima watoto uzito. Haikufanya hivyo kwa huruma tu. Ilijua kwamba mtu mgonjwa ni hasara. Leo, tangu Gécamines ilipodhoofika katika miaka ya 1990, familia nyingi hujilipia zenyewe dawa na mganga. Basi baba na mama nao wajifunze kupiga hesabu ile, tena kwa upendo kuliko kampuni.

Mtoto akipata joto, apimwe damu siku ile ile, wala asingoje mshahara wa mwisho wa mwezi. Akipewa dawa, aimalize yote. Vidonge visiwekwe akiba kwa ajili ya mdogo wake. Chandarua kilale juu ya mtoto, kisikae sandukuni. Chanjo ya surua isikose. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa Kongo mwaka 2024 katika mkoa wa Kongo Central. Kaulizeni katika kituo chenu cha afya kama imewafikia.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Yule mtoto anayetetemeka kwa homa usiku wa leo, kesho atakuwa baba, kisha babu. Kama atafika sokoni bila kupumzika njiani, jambo hilo linaamuliwa kwa sehemu kubwa sasa hivi, nyumbani mwenu.