Tuwatayarishe vijana wetu kulikabili giza la ughaibuni

Kwa muda wa miaka sita nilifundisha somo la Jiografia katika shule moja ya upili. Kila mwaka, nilipofikia mada ya majira, nilichora duara ubaoni kwa chaki, nikapitisha ndani yake mstari ulioinama kwa nyuzi 23½, kisha nikawaeleza wanafunzi kwamba kuinama huko kwa mhimili wa dunia ndiko kunakoleta mchana mrefu na mchana mfupi katika nchi zilizo mbali na ikweta. Wanafunzi waliandika, wakakariri, na walipoulizwa katika mtihani wengi wao walipata alama zote. Nami niliamini kwamba nimefunza. Kumbe kulikuwa na sehemu ya somo hilo ambayo hata mimi mwalimu sikuwa nikiijua.

Sehemu hiyo niliifahamu mjini Edinburgh, Uskoti, nilikokwenda mwezi wa Septemba mwaka wa 2012 kwa masomo ya miaka mitatu. Nilipofika, siku zilikuwa bado ndefu na za kupendeza. Mwishoni mwa Oktoba saa zilirudishwa nyuma, na tangu hapo giza likawa linaingia mapema kama mgeni asiyebisha hodi. Kufikia wiki ya tatu ya Desemba, jua lilichomoza yapata saa tatu kasoro robo asubuhi na kutua saa kumi kasoro dakika ishirini alasiri. Mchana mzima ulikuwa wa takriban saa saba, na aghalabu hata hizo saba zilifunikwa na mawingu.

Zingatia, ndugu msomaji, kwamba sisi tusemao Kiswahili huhesabu saa zetu kwa jua. Tukisema saa moja ya asubuhi, tuna maana kwamba saa moja imepita tangu kuche. Kule hesabu hiyo ilinivunjikia mikononi. Saa moja ya asubuhi ilikuwa kiza totoro. Saa kumi na moja jioni, wakati ambapo huku kwetu wanafunzi huwa uwanjani wakicheza kandanda, kule taa za barabarani zilikuwa zimewaka kitambo.

Basi nikaanza kudhoofika. Nililala saa kumi na moja kwa siku na bado nikaamka nimechoka. Nilikula mkate na viazi bila kushiba, nguo zikanibana. Vitabu sikuvifungua, na wenzangu walipobisha mlango niliwanyamazia hadi waende zao. Mwanzoni nilidhani ni upweke wa ugenini. Baadaye nilijiita mvivu. Usiku mmoja nilifikia hata kujiuliza iwapo nimerogwa. Mama alinipigia simu kila Jumapili, naye aliponijulia hali nilimjibu, "Sijambo, mama, ni baridi tu kidogo." Ningemwambiaje mzazi aliyeuza ng'ombe wawili ili nipate nauli kwamba mwanawe anashindwa kuondoka kitandani?

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humfichua. Mimi nilifichuliwa mapema, kwa bahati yangu. Mwezi wa Februari msimamizi wa utafiti wangu aliniuliza kwa upole mbona majuma saba yamepita bila kumpelekea hata ukurasa mmoja. Kesho yake nilikwenda kwa daktari. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Hali hii ilianza lini?" Nilipomjibu kwamba ilianza majani yalipopukutika, alitikisa kichwa kama mtu aliyetarajia jibu hilo. Hakukimbilia kuupa ugonjwa jina, kwa kuwa madaktari hutaka kuona kama hali hiyo hurudi mwaka baada ya mwaka. Mwezi wa Aprili nilijihisi kama mtu aliyetuliwa gunia begani. Oktoba iliyofuata, mzigo ule ule ulirudi.

Maradhi hayo ni sonona, yaani huzuni nzito, inayoambatana na majira. Aliyeyaeleza kitaalamu ni Norman Rosenthal, daktari wa maradhi ya akili, pamoja na wenzake katika Taasisi ya Kitaifa ya Afya ya Akili ya Marekani, mwaka wa 1984. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Rosenthal alitoka Johannesburg, Afrika Kusini, ambako hata siku fupi kuliko zote ina mwanga wa zaidi ya saa kumi. Alipohamia New York mwaka wa 1976 ndipo alipohisi nguvu zake zikimpungukia kila majira ya baridi. Kwa hivyo anayedai kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu, ambao Mwafrika hauwezi kumpata, na aanze na kisa cha daktari huyo.

Isitoshe, tusichanganye baridi na giza. Wakazi wa Limuru wanaijua baridi ya Julai, lakini hata katika mwezi huo jua huchomoza na kutua kwa saa zake, na mchana hubaki wa saa kumi na mbili. Mwanga unaoingia machoni, hasa ule wa asubuhi, ndio unaouambia ubongo kwamba kumekucha na kurekebisha saa iliyomo mwilini. Wataalamu wangali wanajadiliana juu ya undani wa chanzo cha maradhi haya, ila mara nyingi huhusishwa na upungufu wa mwanga. Koti zito, basi, halitoshi kuwa kinga.

Je, kinga ni ipi? Daktari alinishauri nitumie taa maalumu yenye mwanga wa luksi 10,000, kipimo ambacho taa za kawaida za chumbani hazikikaribii. Nilikaa mbele yake kwa nusu saa kila asubuhi, macho wazi lakini bila kuikodolea, huku nikinywa chai na kusoma. Mwenye maradhi ya macho, au yale ya akili yanayompandisha mtu furaha kupita kiasi kisha yakamteremsha, asiitumie kabla ya kumwona daktari. Fauka ya hayo, nilitembea nje kila adhuhuri, hata kulipokuwa na mawingu, kwani mwanga wa nje siku ya mawingu huushinda kwa mbali ule wa ndani. Nilizungumza na mshauri nasaha, na wengine hupewa dawa. Waliofikwa na mawazo ya kujiua wasingoje hata siku moja, bali watafute msaada papo hapo.

Kadhalika, ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ili kutengeneza vitamini D, na jua la Uingereza tangu Oktoba hadi mapema Machi halina nguvu hiyo. Ndiyo maana serikali ya huko hushauri watu wafikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku wakati huo. Hayo ni mambo mawili tofauti, wala kidonge hicho si badala ya tiba ya sonona, lakini mgeni atokaye ikweta anafaa kuyajua yote mawili.

Baridi yangu ya pili haikuwa nyepesi, ila niliikuta nimejitayarisha, na nilimaliza masomo yangu. Wapo wengine ambao hurudi nyumbani mikono mitupu, nasi tukawacheka na kusema kwamba Ulaya iliwashinda kwa uvivu.

Vijana wetu wengi huondoka Agosti na Septemba kwenda Uingereza, Kanada na Marekani, yaani huwasili mlangoni pa giza. Katika mikutano ya kuwaaga huzungumziwa viza, karo na makoti. Sijasikia hata mmoja uliozungumzia mwanga. Ewe mwalimu wa Jiografia, utakapochora duara lile ubaoni, ongeza sentensi moja: kwamba kuinama huku kwa dunia huweza kumlaza mtu kitandani, na kwamba si aibu kusema. Nawe mwanafunzi utakayefika huko, mama akikupigia simu, mwambie ukweli. Mimi nilimwambia wangu baada ya miaka miwili, naye alinijibu, "Ng'ombe si kitu, mwanangu. Mbona hukusema?"