Kuchungulia mchoro wa kiwanda kabla ya kulipia mzigo

KAMPALA: Mwagizaji wa matangi, vyuma vya paa au mashine za kusaga kutoka ng'ambo hutumiwa mchoro kwa barua pepe na kutakiwa aukubali kabla kiwanda hakijaanza kukata chuma. Mara nyingi mchoro huo ni faili la DWG, yaani la programu ya AutoCAD ambayo kampuni ya Autodesk ya Marekani iliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1982. Karakana nyingi za Katwe hazina programu hiyo, kwani leseni yake ni ghali, na faili kubwa huweza kuikwamisha kompyuta ya kawaida.

Hata hivyo, si lazima faili lifunguliwe lote. Mchoraji anapohifadhi kazi yake, AutoCAD huweka ndani ya faili picha ndogo ya mchoro. Kompyuta ya Windows yenye programu inayoielewa DWG huionyesha picha hiyo kwenye folda. Programu ya DWG TrueView, inayotolewa bure na Autodesk yenyewe, hufanya kazi hiyo na pia hupima. Kampuni hiyo ina vilevile huduma ya kutazama michoro kupitia intaneti bila kusakinisha kitu, ila hapo mchoro hupakiwa kwenye mitambo yao, jambo ambalo kiwanda chenye siri zake huenda kisilipende.

Picha hiyo ndogo ina mipaka yake. Huonyesha kile tu kilichokuwa mbele ya mchoraji alipohifadhi. Kama alikuwa amesogelea boliti moja, mwagizaji ataona boliti. Inafaa kutambua lipi ni tangi na lipi ni ngazi kati ya mafaili 30, si kuidhinishia malipo. Na ikikosekana, haina maana kwamba faili ni bovu: huenda mchoraji ametumia programu nyingine au amezima uhifadhi wa picha.

Kwa msafirishaji, jambo kubwa ni vipimo. Mlango wa kontena la futi 40 una upana wa takriban mita 2.34 na kimo cha mita 2.28, lile refu hufikia kama mita 2.58. Tangi lenye kipenyo cha mita 2.4 halipiti popote hapo. Litahitaji kontena la wazi au trela la chini, pengine na kibali cha mzigo usio wa kawaida, kwa safari ya takriban kilomita 1,170 kutoka Mombasa kupitia Malaba. Anayegundua hayo bandarini ameshachelewa, maana bei ya usafiri imekwisha kukubaliwa.

Kipimo nacho huhadaa. Namba 96 ikiwa ni milimita haifiki hata sentimita 10; ikiwa ni inchi ni mita 2.44. Kiwanda kiulizwe kwa maandishi kimetumia kipimo gani.

Faili likikataa kufunguka, livutwe ndani ya Notepad na herufi sita za mwanzo zisomwe, kisha lifungwe bila kuhifadhi. AC1015 ni toleo la AutoCAD 2000, AC1021 la 2007, AC1027 la 2013, na AC1032 la 2018. Programu ya zamani haisomi toleo jipya, kwa hiyo kiwanda kiombwe kihifadhi upya kwa toleo la chini.

Kuna na suala la usalama. Mwaka 2012 kampuni ya ESET iligundua kirusi ACAD/Medre.A, kilichoenea zaidi Peru, kikiiba michoro na kuituma kwa anwani za barua pepe za China. Kilijificha katika faili dogo lililowekwa kwenye folda moja na mchoro, na AutoCAD ililiendesha lenyewe mchoro ulipofunguliwa. Faili lenye jina linaloishia na .dwg.exe si mchoro hata kidogo.

Wakala wa forodha naye hahitaji DWG. Mwagizaji aombe pia nakala ya PDF yenye vipimo, uzito na namba ya marekebisho, kisha alinganishe namba hiyo na iliyoandikwa kwenye profoma kabla ya kwenda benki.