Kitovu cha Liyongo

Mji mzima ulikaa na kiu kwa kuogopa maiti. Hapo ndipo hadithi ya Fumo Liyongo inapofikia kilele chake, na kati ya yote yanayosimuliwa juu ya jabali huyo wa pwani ya kaskazini ya Kenya, hilo ndilo gumu kuliko yote kulipita. Liyongo amechomwa sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Anazinduka, mchomaji ameshatoweka. Anachukua upinde na mishale, anatoka hadi karibu na kisima kinachonywesha mji, anapiga goti, anapachika mshale, anavuta upote, na roho inamtoka akiwa vivyo hivyo. Mwili haulali. Kulipokucha, waliokuja kuteka maji wanamwona amelenga, wanageuka mbio. Siku zinapita, maji majumbani yanakwisha, na hakuna mwenye silaha anayethubutu kusogea. Mwishowe watu wa mji wanamwendea mama yake, wanamsihi akambembeleze mwanawe. Mama anakwenda, anamwimbia, anamtuliza, anarudi nyumbani, na kesho anakwenda tena. Hata yeye hajui kwamba anamwimbia aliyekwisha kufa. Wote wanajua siku mwili unapoanguka chini.

Mwanafunzi wa Kenya humfahamu Liyongo kama mfano wa kwanza wa mighani, na mtihani humtaka ataje sifa za shujaa: nguvu zisizo za kawaida, umbo la kutisha, kipaji cha ushairi, kifo cha usaliti. Majibu hayo ni sahihi, ila yanatuacha mlangoni. Majabali ni wengi katika masimulizi ya watu, na wengi wao wamesahauliwa. Huyu amedumu katika nyimbo za gungu, katika takhmisa ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika utenzi wa Muhamadi Kijumwa na katika tamthilia ya Emmanuel Mbogo. Kilichomdumisha, nadhani, ni swali ambalo nguvu zake zinalifungua: mtu asiyeingiliwa na mkuki wala upanga anashikwa wapi? Hadithi inajibu kwamba anashikwa kwenye udugu, na inakwenda mbali zaidi ya hapo. Inatuonyesha kwamba udugu huo huo uliomuua ndio uliokuwa umemwokoa.

Anayetupa ushahidi mkubwa ni Kijumwa mwenyewe. Alikuwa mtu wa Lamu aliyezaliwa katikati ya karne ya 19, mchonga milango, mwandishi wa hati nzuri za Kiarabu, mshairi na mjuzi wa ngoma. Nakala zake za tungo za kale ndizo walizozitegemea wageni kama Alice Werner na William Hichens walipotaka kuzichapisha. Mwaka 1913 aliandika utenzi wa Liyongo, zaidi ya beti 200, na Abdilatif Abdalla aliuhariri na kuutoa kwa wasomaji wa Kiswahili mwaka 1973. Mtu aliyezoea kuchonga mbao hujua ni wapi pa kukaza patasi na wapi pa kupitisha tu, na Kijumwa anatunga hivyo. Vita na mapigano anayapitia haraka. Anakaza pale ambapo watu wa nyumba moja, au watu wanaotafuta kuwa wa nyumba moja, wanashughulikiana. Utenzi unaanza na Waoromo, ambao yeye anawaita Wagala, waliosikia sifa za Liyongo wakataka kumwoza binti yao ili wapate mbegu yake. Kwa hiyo kabla hatujaona ugomvi wowote, tayari damu ya mtu huyu inatafutwa kama mali. Mtoto anayezaliwa katika ndoa hiyo ndiye atakayeshika sindano. Na Sultani wa Pate, Daudi Mringwari, anayemwogopa Liyongo mpaka kuamua afe, naye masimulizi mengi yanamtaja kuwa ni nduguye.

Tazama kisa cha gereza. Liyongo amefungwa pingu na minyororo. Mama yake anampelekea chakula kila siku kwa mkono wa kijakazi, Saada, na kila siku walinzi wanakila kilicho kizuri na kumwachia mfungwa makombo. Liyongo anamtuma Saada kwa mama, ujumbe ukiwa umefumbwa katika shairi: aoke mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, na katikati yake atie tupa. Mama anaelewa. Anatengeneza vyakula vizuri kwa ajili ya walinzi na mkate ule mbaya kwa ajili ya mwanawe. Walinzi wanakula vizuri, wanauona mkate wa wishwa, wanaudharau, wanamtupia mwenyewe. Kisha Liyongo anaomba apigiwe ngoma kabla ya kuuawa, na huku matoazi yanalia na watu wanaitikia nyimbo alizowafundisha, tupa inakereza chuma bila kusikika. Jabali aliyesifiwa kwa misuli hakukata pingu kwa misuli. Alitolewa na mwanamke aliyejua kuoka, aliyejua kusoma fumbo la mwanawe, na aliyejua tabia ya walinzi wenye tamaa. Dola nzima ya Pate ilishindwa na jiko la mama.

Baada ya kisa hicho ndipo kitovu kinapopata maana yake. Sultani ameona kwamba askari hawamwezi mtu huyu, hata wenyeji wa msituni aliowatuma wamtege chini ya mikoma hawakumweza. Aliyejifunza kutokana na kushindwa kwake anahamisha vita kutoka uwanjani hadi nyumbani. Anamwita mwana wa Liyongo, anamwahidi uwaziri na kumwoza binti yake, na anamtaka kitu kimoja tu: akamwulize baba yake ni nini kinachoweza kumuua. Jibu ni sindano ya shaba, na pa kuchoma ni kitovuni. Kitovu ni kovu la kwanza la kila mwanadamu, alama kwamba alikuwa sehemu ya mwili wa mwingine kabla hajawa mtu mwenyewe. Pwani na bara, watu wamezoea kukizika kitovu cha mtoto na kuhesabu mahali pale kuwa kwao. Mtunzi aliyekuwa anatafuta tundu kwenye mwili wa chuma angeweza kuchagua jicho, koo au kisigino. Hadithi hii imechagua mahali pale ambapo kamba ya uzazi ilikatwa, na imempa mwana kazi ya kupafungua tena.

Msomaji mwenye elimu atasema kwamba hayo yote ni ya kuazima, na kwamba mashujaa wenye tundu moja mwilini wamejaa duniani. Ni kweli wamejaa. Achilles ana kisigino, ingawa Homer hakitaji, na habari yake tunaipata kwa Statius, Mroma wa karne ya kwanza. Siegfried wa Wajerumani ana sehemu kati ya mabega ambapo jani liliizuia damu ya joka isimguse. Isfandiyar katika Shahnameh, kitabu ambacho Ferdowsi alikimaliza yapata mwaka 1010, anakufa kwa mshale wa machoni. Samsoni ana nywele zake. Sumanguru, adui wa Sundiata wa Mali, anaangushwa na mshale wenye kikwaru cha jogoo baada ya dada yake Sundiata kuipata siri. Pwani yetu imefanya biashara na Uajemi na Bara Arabu kwa zaidi ya miaka 1,000, na hakuna sababu ya kukana kwamba hadithi nazo zilipanda majahazi. Lakini kuazima umbo si kuazima maana. Ukiwapanga mashujaa hao pamoja unaona tofauti: Achilles na Isfandiyar wanauawa na adui zao vitani, Samsoni, Siegfried na Sumanguru siri yao inapitia kwa mwanamke. Liyongo siri yake anaitoa kwa mwanawe wa kumzaa, na tundu lenyewe ni alama ya kuzaliwa. Hapo waliopokea umbo la kale walilifanyia kazi yao, na kazi hiyo ndiyo tunayopaswa kuisoma.

Ushahidi mwingine unatoka mahali ambapo wasimulizi wanapingana. Miaka zaidi ya 40 kabla ya utenzi wa Kijumwa, Edward Steere alichapisha London mkusanyiko wa hadithi za Kiswahili, mwaka 1870, na ndani yake mna hadithi ya Liyongo kwa nathari. Humo mambo yamewekwa katika zama za Shanga, mji wa kisiwa cha Pate ambao leo ni magofu, na Liyongo anaingia si kama mdhulumiwa. Ni mtu mwenye nguvu anayewaonea wenzake mno, hata wanakula njama wamfunge. Kwa Kijumwa, mwonevu ni Sultani. Wataalamu nao wanamweka Liyongo katika karne zinazoachana mbali, na Wapokomo wa Mto Tana wana masimulizi yao wenyewe juu yake. Mtu anaweza kubadilishwa kutoka dhalimu hadi shujaa, akahamishwa mji na zama, na hadithi ikasimama. Lakini mkate wenye tupa haubadiliki. Sindano ya shaba haibadiliki. Mama kisimani habadiliki. Wasimulizi wasiokubaliana kama mtu huyu alikuwa mwema au mbaya wamekubaliana jinsi alivyookolewa na jinsi alivyouawa. Ndiyo maana swali la kama aliishi kweli, ingawa lina haki yake na kaburi linalotajwa kuwa lake lipo Kipini, haliwezi kutufikisha kwenye kiini. Imani ya watu imeshikilia mfumo wa mambo kuliko mtu.

Kuna pingamizi gumu zaidi: kwamba haya yote ni methali iliyorefushwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Basi, na hadithi imekwisha. Kama ingekuwa hivyo, Kijumwa angemfanya Liyongo mtu aliyedanganywa. Hakumfanya hivyo. Katika utenzi, baba anatambua kwamba mwanawe ametumwa, anajua ni nani waliomtuma na kwa ahadi gani, na anamwambia hivyo. Kisha anaitaja sindano na kukitaja kitovu. Methali inatufundisha tujihadhari na walio karibu, na hapa yupo mtu aliyejua hatari yote na akajibu. Alichoka kuwindwa? Aliona kumdanganya mwanawe ni kufa kwa namna nyingine? Aliamini kijana hatathubutu? Kijana mwenyewe anashikwa na hofu kabla ya kuchoma, kwa hiyo tumaini hilo lisingekuwa la kipumbavu. Utenzi haujibu, na nadhani hakuna jibu moja litakalotosha. Linaloonekana wazi ni kwamba mlango uliomwingiza mama na tupa haukuweza kufungwa kwa ajili ya mwana na sindano. Mtu asiye na mlango huo asingekufa usingizini, lakini pia asingetoka gerezani.

Saada anabaki kuisumbua hoja hii. Yeye si mama wala dada. Ni mtumwa wa nyumba, na bila miguu yake fumbo lisingefika wala mkate usingerudi. Alipita mbele ya walinzi wale wale akijua amebeba nini, na kama tupa ingeonekana, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kulipa. Ukisema ni udugu uliomwokoa Liyongo, lazima useme pia udugu wa nani, maana Saada alibeba hatari ya jamaa bila kuwa na haki za jamaa. Mtu anaweza kujibu kwamba katika nyumba za waungwana wa zamani, kijakazi alihesabiwa humo humo ndani. Jibu hilo linaeleza desturi, halimwondolei mzigo. Pamoja na ubingwa wake wote, Kijumwa anampa sauti ya kupeleka maneno ya wengine, na huko ndiko ambako mwandishi wa leo anayetaka kuifanyia hadithi hii kazi mpya ana nafasi pana.

Haya yana uzito kwa namna tunavyofikiri hadi sasa. Kila mtu mkubwa anapoanguka, mazungumzo ya barazani na magazetini hutafuta haraka nani wa karibu aliyemuuza: ndugu, rafiki, katibu, mtoto. Tumerithi mfumo wa Liyongo bila kuusoma wote. Tunamlaani aliyeshika sindano, tunaridhika. Lakini hadithi yenyewe haikufanya hivyo. Inataja aliyetoa ahadi, inataja bei aliyoiweka, uwaziri na ndoa, na inaonyesha kwamba mwana hakufaidi alichoahidiwa. Mtoto ana hatia, na Sultani ambaye mkono wake haukugusa hata sindano ndiye aliyeinunua. Atakayefundisha au kutunga upya kisa hiki aanze na mnunuzi huyo: ni hofu gani iliyomfanya mtawala mwenye jeshi aone kwamba silaha pekee iliyobaki ni mtoto wa mwenzake, na kwa nini mji uliomwogopa sana Liyongo haukumwogopa yeye.