Plagi imechomolewa, hatari ingalipo

Jiko la maikrowevu lililochomolewa ukutani bado laweza kumuua fundi anayelifungua.

Umeme unaobaki ndani huhifadhiwa na kapasita, kifaa chenye mabamba mawili ya metali yaliyotenganishwa na kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, kama vile plastiki au mika.

Kapasita inapotiwa umeme, bamba moja hupata chaji chanya na la pili chaji hasi. Chaji hizo huvutana lakini haziwezi kukutana. Tofauti ya msukumo baina ya mabamba hayo hupimwa kwa volti.

Kihami hakitenganishi tu. Molekuli zake huelemea upande mmoja na kudhoofisha uga wa umeme ulio baina ya mabamba, hivyo kapasita hubeba chaji nyingi zaidi kwa volti zile zile.

Jambo hili si geni. Mwaka 1746 mwanafizikia wa Uholanzi, Pieter van Musschenbroek, alieleza mshtuko mkali uliotoka katika chupa ya maji iliyotiwa umeme mjini Leiden.

Volti zikiongezeka maradufu, nishati inayohifadhiwa huwa mara nne. Kapasita ya maikrowevu huweza kufikia volti 2,000 na zaidi.

Kwa kawaida huwekwa rezista ya kuiondoa chaji hiyo polepole, lakini rezista ikikatika, chaji hubaki.

Kwa hiyo, mafundi hufundishwa kupima volti za kapasita kwanza, na kuiondolea chaji kwa kifaa maalumu kabla ya kugusa chochote. Asiye na mafunzo hayo asilifungue jiko hilo.